Leza inapiga, moto unawaka, OH haionekani: kutafuta kasoro katika vipimo vya fluoresensi

Niliwahi kutafuta haidroksili (OH) katika moto wa methani kwa siku mbili nzima nisiione. Leza ilikuwa ikipiga mara 10 kwa sekunde, kamera ikifunguka na kufunga, kompyuta ikihifadhi picha, na kila picha ilikuwa nyeusi tititi. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha rangi ya leza, ile dawa ya kimiminika inayotoa mwale. Nikamlaumu kimoyomoyo aliyetumia kamera kabla yangu. Siku ya tatu fundi wa maabara akapita, akakigonga kwa ukucha kioo kilichozunguka kichomeo, akauliza kwa upole: "Hiki ni kwatzi, au ni cha dirisha?" Kilikuwa cha dirisha. Mwale wa nanomita 283 (nm) ulikuwa unamezwa na kioo kile hata kabla haujaugusa moto.

Tangu siku ile, kabla ya kuushuku moto naushuku kioo, kebo na saa. Hapa chini nimepanga dalili ninazokutana nazo mara kwa mara na mahali pa kuangalia kwanza. Mfano wangu mkuu ni OH, kwa sababu ndiyo wengi huanza nayo. NO (nitriki oksidi), CO (kaboni monoksidi), fomaldehidi na atomu ya haidrojeni nitazigusa pale zinapokuwa na vituko vyao.

Kwa anayeingia mlango huu kwa mara ya kwanza: ndani ya moto kuna umati wa molekuli, na kila aina ina ngazi zake za nishati. Leza ikipangwa kwenye urefu wa wimbi unaolingana sawasawa na ngazi mbili za OH, ni OH tu itakayopanda. Ikishuka, inatoa mwanga wake yenyewe, na mwanga huo ndio fluoresensi. Kwa OH tunapiga karibu na 283 nm na kupokea kati ya 306 na 320 nm, hivyo kichujio kinaweza kuutenga mwanga wa leza na ule wa molekuli. Tatizo ni kwamba molekuli iliyopanda haiachwi itulie. Ingekuwa peke yake ingekaa juu kwa takriban nanosekunde 700 (ns) kabla ya kung'aa. Katika moto wa kanieneo cha kawaida inagongwa na majirani na kuporwa nishati yake ndani ya ns 2 au 3. Kati ya molekuli 1000 zilizoamshwa, ni mbili, tatu au nne tu zinazotoa mwanga. Kwa hiyo unawinda mwanga hafifu, wa muda mfupi sana, ndani ya moto ambao wenyewe unawaka. Ukilikumbuka hilo, dalili nyingi zitaacha kukushangaza.

Neno la usalama, na halina mjadala. Mwale wa 283 nm hauonekani, na unaumiza jicho na ngozi. Miwani inayozuia urujuanimno si lazima izuie kijani cha 532 nm kinachosukuma leza ya rangi; soma maandishi kwenye fremu. Ukitaka kujua mwale ulipo, tumia kipande cha karatasi nyeupe ya ofisini: ile dawa ya kung'arisha iliyomo inawaka buluu pale mwale unapogusa. Na ukifanya kazi na mtungi wa NO au CO, hakikisha kivuta hewa kinafanya kazi kabla hujafungua vali.

Jaribio la kufanya kabla ya mengine yote

Hamisha urefu wa wimbi wa leza nje ya mstari (wimbi ambalo OH inaliitikia) kidogo tu, kisha angalia tena.

Mstari mmoja wa OH katika moto wa kelvini 2000 (K) una upana wa pikomita 2 hadi 3, yaani sehemu mbili au tatu kati ya elfu za nanomita. Ukisogeza leza kwa sehemu chache kati ya mia za nanomita hadi kwenye pengo kati ya mistari, OH halisi inazimika. Kinachobaki kwenye picha ni kitu kingine: mwanga uliotawanywa, masizi, kioo kinachong'aa, au moto wenyewe. Picha hizo mbili, ya kwenye mstari na ya nje ya mstari, ndizo hupunguzana. Sitazami namba ya mtu asiyekuwa na picha ya pili.

Chunga unaposogeza. Mistari ya OH imesongamana, na ukihama kwa kukisia unaweza kutua juu ya jirani. Pitisha leza polepole eneo zima la 282 hadi 284 nm, chora grafu ya ishara, kisha uilinganishe na grafu ya kompyuta. Programu ya LIFBASE, waliyoiandika Luque na Crosley wa SRI International, inafanya kazi hiyo vizuri kwa OH, NO, CH na nyinginezo.

Dalili: picha nyeusi kabisa

Nianze na nilikoteleza mwenyewe. Kioo cha kawaida, na hata kioo kizuri cha lenzi cha aina ya BK7, hakipitishi 283 nm. Kila kitu kinachopitiwa na mwale, na kila kitu kilicho kati ya moto na kamera, kiwe kwatzi au silika safi. Lenzi ya kamera ya kawaida ya kupigia picha za harusi haifai hapa, hata iwe ya bei gani. Weka kipima nishati baada ya kioo cha mwisho, mahali moto utakapokuwa. Wengi hupima kwenye mdomo wa leza, wakasoma milijuli 10 (mJ), wakaridhika. Baada ya vioo sita vyenye vumbi na lenzi mbili zisizo na utando wa kuzuia mwakisiko, motoni zinafika 4.

Nishati ikifika, angalia saa. Mwanga unakwenda sentimita 30 kwa kila nanosekunde; ndani ya kebo umeme unakwenda kama sentimita 20. Kebo ya mita 10 inachelewesha ishara kwa ns 50. Leza iliyo umbali wa mita 6 kutoka kichomeoni inachelewesha mwale kwa ns 20. Kamera nayo ina ucheleweshaji wake wa ndani kabla mlango haujafunguka. Mlango wenyewe una upana wa ns 50 au 100. Jumlisha yote hayo na utaona jinsi ilivyo rahisi mlango kufunguka wakati mwanga umeshapita zamani.

Dawa yake ni kufungua mlango kwa mikrosekunde 1 au 2, ukuzaji ukiwa chini, hadi uione ishara yoyote ya leza, hata kama ni mwanga uliotawanywa na vumbi la hewani. Ukishaipata, ibane: nusu, robo, hadi ufike ns 100 na ishara ikiwa bado ndani. Usipange kwa kuhesabu peke yake. Mimi huhesabu kwanza ili nijue pa kuanzia, kisha nasogeza hatua za ns 5 huku nikitazama.

Kuna mtego mwingine wa saa. Ukiona mpigo wa fotodayodi kwenye oskiloskopu una mkia mrefu wa mikrosekunde, wakati leza inatoa mpigo wa ns 8, usiishuku leza. Pembejeo ya oskiloskopu iko kwenye megaomu 1. Iweke kwenye omu 50 na mpigo utarudi kuwa mwembamba. Nimewaona watu wenye shahada tatu wakiteseka na hili, nami nikiwemo.

Nishati ipo, saa iko sawa, bado giza? Basi ni urefu wa wimbi. Namba inayosomeka kwenye leza ya rangi mara nyingi ni ya mwanga kabla ya fuwele kuukata nusu: 566 nm kwa ajili ya kupata 283. Kosa la 0.01 kwenye kioo cha namba linakuwa 0.005 nm motoni, na hilo peke yake linatosha kuukosa mstari mzima. Kubwa zaidi ni mkanganyiko wa hewa na ombwe. Jedwali moja linaandika urefu wa wimbi ndani ya hewa, lingine ndani ya ombwe, na karibu na 283 nm tofauti ni kama 0.08 nm. Ukichanganya, unakuwa umepotea kwa upana wa mistari zaidi ya 30. Usiamini namba ya leza. Pitisha leza eneo zima na utambue mistari kwa umbo lake, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo.

Mwisho, kichujio. Kabla ya kukiweka mbele ya kamera, soma grafu yake hadi upande wa nyekundu. Kioo cha UG11, ambacho wengi hukitumia kupitisha urujuanimno na kuzuia mwanga unaoonekana, kina mlango wa nyuma karibu na 700 nm. Moto wenye masizi unang'aa sana huko. Picha haitakuwa nyeusi tena, itakuwa nyeupe, na utadhani umefanikiwa.

Dalili: kuna ishara nzuri, lakini leza ikihama haiondoki

Hapa ndipo jaribio la kwanza linapojilipa. Ishara isiyojali urefu wa wimbi haitokani na molekuli unayoitafuta, au haitoki kwake peke yake.

Zima moto, acha leza. Kama ishara ipo, ni mwanga uliotawanyika kutoka kwenye kichomeo, vumbi au ukuta, au ni kioo kinachong'aa chenyewe. Kwatzi ya daraja la chini na baadhi ya vichujio vya rangi huwa na fluoresensi yao. Paka kichomeo rangi nyeusi isiyong'aa pale inapowezekana, na weka mtego wa mwale mbali, nje ya macho ya kamera.

Washa moto, ziba leza. Kama ishara ipo, ni mwanga wa asili wa moto. Ile buluu ya jiko la gesi inatokana zaidi na CH na C2 zilizozaliwa tayari zikiwa na nishati. OH inafanya vivyo hivyo karibu na 308 nm, ila jicho halioni. Mwanga huo uko palepale unapopokelea, kwa hiyo hakuna kichujio kitakachouondoa. Unaupunguza kwa muda: moto unang'aa wakati wote, fluoresensi inadumu nanosekunde chache, basi bana mlango.

Zote zikiwashwa na ishara ikatokea kwa pamoja tu, lakini haihami, mshtakiwa ni masizi au wazazi wake. Hidrokaboni zenye pete nyingi, zile zinazotangulia masizi, zinang'aa karibu kwa wimbi lolote la urujuanimno na kwa upana mkubwa. Katika moto wenye mafuta mengi zinaweza kuzidi OH yote. Masizi yenyewe yanapashwa na leza hadi yanang'aa kama kaa la moto, na mng'ao huo hukaa muda mrefu kuliko fluoresensi. Ukisogeza mlango mbele kwa ns 100 na ishara bado ipo, umeyapata.

Fomaldehidi ni kesi ngumu zaidi ya hapo. Watu wengi huiamsha kwa 355 nm kutoka kwenye Nd:YAG (ile leza inayosukuma leza ya rangi) moja kwa moja, maana ni rahisi na nishati ni nyingi. Lakini leza hiyo haihami, kwa hiyo jaribio letu la kwanza linakufa. Mwanga wake unapokelewa kati ya 380 na 480 nm, mahali penye hidrokaboni zilezile za pete. Njia ya kujinusuru ni kupiga moto uleule kwa 1064 nm, ambayo hupasha masizi peke yake, na kwa 532 nm, ambayo fomaldehidi haiioni ilhali hidrokaboni nzito bado zinaitikia. Pale 532 inapotoa mwanga, usiite kitu chochote fomaldehidi. Katika moto wa methani wenye hewa ya kutosha mambo huwa mepesi. Katika dizeli, uwe na roho ngumu.

Dalili: asubuhi ishara safi, saa nane mchana imefifia

Usiguse kamera. Angalia nishati ya leza kwanza, kisha urefu wa wimbi, kwa mpangilio huo.

Nishati inashuka kwa sababu rangi inazeeka. Rodamini 6G katika ethanoli inavumilia, lakini haiishi milele; ikipoteza mng'ao wake unaojulikana, ibadilishe. Mapovu kwenye bomba la rangi yanaleta mipigo ya juu na chini isiyo na utaratibu. Taa za leza ya kusukuma nazo zina umri. Kwa mipigo 10 kwa sekunde, siku ya kazi ya saa 8 ni mipigo 288,000, na mipigo milioni 30 inakwisha kwa siku 104 hivi za kazi. Andika namba ya mipigo ukutani siku taa zinapobadilishwa.

Kama nishati ya 566 nm haijashuka ila ya 283 imeshuka, ni fuwele. Fuwele ya BBO inafanya kazi kwa pembe moja tu kwa kila wimbi, na joto la chumba likibadilika pembe inapotea. Ipe leza nusu saa ipate joto, kisha urekebishe pembe. Fuwele hiyo hunyonya unyevu, kwa hiyo maabara isiyo na kiyoyozi inaiua polepole.

Kama nishati zote ziko sawa na ishara imefifia, wimbi limehama. Hapa nina upendeleo wangu na siuonei haya: jenga moto wa rejea. Chukua asilimia chache za mwale kwa bamba la silika safi, uzielekeze kwenye moto mdogo pembeni, hata wa kichomeo cha gesi cha mezani, na uweke hapo fotomaltiplaya (kipokezi cha mwanga hafifu) na kichujio. Moto ule haubadiliki kutwa nzima. Ishara yake ikishuka pamoja na ya moto mkuu, ni leza. Ikibaki palepale, ni moto wako au kamera yako. Ni gharama ndogo kuliko wiki moja ya picha za kutupa.

Dalili: moto una ulinganifu, picha haina

Ukitengeneza pazia la mwanga kupiga picha ya eneo, utakutana na mistari ya mwanga na kivuli kwenye picha, na upande mmoja kung'aa. Mbinu ya pazia si mpya, picha za kwanza za OH za namna hiyo zilichapishwa mwaka 1982, na mistari ipo tangu wakati huo.

Mistari iliyotulia mahali pamoja inatokana na umbo la mwale wenyewe, au vumbi kwenye lenzi. Weka mbele ya kamera kitu kilicho sawa kila mahali, kama mvuke wa asetoni uliotandazwa hewani bila moto, piga picha, na ugawanye picha zako kwa hiyo. Asetoni inaitikia 283 nm ila inang'aa zaidi upande wa buluu, kwa hiyo kichujio cha OH itabidi ukitoe kwa muda. Mistari inayocheza kutoka mpigo hadi mpigo inatoka motoni: hewa moto na hewa baridi zinaupinda mwale kama barabara ya lami inavyotetemesha macho mchana wa jua. Hiyo huwezi kuigawanya kwa picha ya wastani.

Upande wa leza ukiwa angavu na wa mbali ukiwa hafifu, OH inaumeza mwale unapopita. Katika moto wa methani OH hufika maelfu ya sehemu kwa milioni (ppm), na mstari wenye nguvu unamezwa vilivyo ndani ya sentimita chache. Piga kutoka upande wa pili: kivuli kikigeuka, umethibitisha. Dawa ni kuchagua mstari dhaifu zaidi. Unapoteza ishara, unapata ukweli. Kumbuka pia kwamba mwanga unaotoka unaweza kumezwa na OH nyingine njiani kuelekea kamera, na kadiri moto unavyokuwa mnene ndivyo hasara inavyokua.

Dalili: ukipunguza leza nusu, ishara haipungui nusu

Kama imebaki palepale, leza ilikuwa na nguvu kupita kiasi na ngazi ya chini imeanza kuisha. Hilo wengine hulitaka kwa makusudi, kwa sababu ishara inakuwa haijali migongano. Mimi silipendi: katikati ya mwale pameshiba, kingoni hapajashiba, na unapata mchanganyiko usioelezeka. Punguza hadi mstari wa ishara dhidi ya nishati unyooke.

Punguza kwa vipande vya kioo au vichujio vya kijivu. Usipunguze kwa kugeuza volti za taa au kuchelewesha mpigo wa Nd:YAG, kwa sababu utabadilisha umbo la mwale na saa kwa wakati mmoja, na jaribio litakuwa halina maana.

Kama ishara inashuka polepole kuliko nishati, na unatumia fotoni moja, angalia kama kuna usuli (mwanga usio wa molekuli unayoitafuta) ambao hukuuondoa, au kama kikuza mwanga cha kamera kimezidiwa kule juu.

Dalili: picha nzuri, namba za uongo

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kwingine kote. Picha inaweza kuwa safi, bila usuli, yenye mstari ulionyooka, na bado namba ikapotoka mara mbili.

Sababu ya kwanza ni halijoto. Leza inaamsha molekuli zilizo kwenye ngazi moja tu, na idadi ya zilizopo kwenye ngazi hiyo inategemea joto. Kutoka 1500 K hadi 2200 K, ngazi ya chini kabisa ya mzunguko wa OH inapoteza zaidi ya asilimia 30 ya watu wake, hata kama OH yenyewe haijabadilika. Ngazi ya 8 inabadilika kwa chini ya asilimia 10 katika masafa hayohayo, kwa kuwa nishati yake iko karibu na nishati ya joto lenyewe kwenye 1900 K. Ndiyo maana watu wengi hutumia mstari wa Q1(8), unaoanzia ngazi hiyo, karibu na 283.55 nm. Katika moto wenye maeneo ya baridi zaidi, Q1(6) karibu na 282.9 unafaa.

Sababu ya pili ni migongano. Nguvu ya kuzima inategemea nani anagonga. Kwa OH, mvuke wa maji ni mzimaji mkubwa, na kwa kuwa maji yapo karibu kila mahali penye OH, makosa hupungua kidogo. NO haina bahati hiyo. Oksijeni, kaboni dioksidi na maji zinaizima vikali, nitrojeni karibu haiigusi. Mtu akipima kiwango cha rejea kwa kuchanganya NO na nitrojeni baridi, molekuli zake zitakaa juu karibu ns 200 na kung'aa kwa raha. Akipeleka kipimo hicho motoni ataona NO ndogo ajabu, na atatangaza kwamba kichomeo chake ni safi.

Kalibresheni ya NO ifanyike ndani ya moto wenyewe. Chukua moto bapa wenye hewa ya ziada juu ya kichomeo cha McKenna, ongeza NO ya kiasi kinachojulikana kwenye mchanganyiko, hatua kwa hatua, uchore mstari. Tuseme bila kuongeza unasoma 30, na ukiongeza 60 ppm unasoma 90. Mteremko ni 1 kwa kila ppm, basi moto wenyewe ulikuwa unatengeneza 30. Nimesema hewa ya ziada kwa makusudi: katika moto wenye mafuta mengi, vipande vya hidrokaboni vinaila NO uliyoiongeza kabla haijafika kwenye mwale, na mstari wako utakuwa na mteremko wa uongo.

NO ina jambo lingine. Karibu na 226 nm, oksijeni iliyopata joto nayo inang'aa, na kanieneo kikipanda kaboni dioksidi inaingia pia. Kwenye moto wa kawaida picha ya nje ya mstari inatosha kuziondoa. Ndani ya injini haitoshi. Mistari yenyewe inapanuka na kuingiliana, na hakuna tena pengo la kukimbilia.

Kwa OH, njia ninayoiamini ni kupima kiasi cha mwale kinachomezwa katika moto bapa uliotulia. Umezaji haujali migongano inayoua mwanga. Ukijua OH ya moto huo, unaitumia kama kipimo cha rejea kwa moto mwingine.

CO na haidrojeni: leza inapotengeneza inachokipima

CO huamshwa kwa fotoni mbili za 230.1 nm na kupokelewa karibu na 483.5 nm. Leza lazima ibanwe sana, na ikibanwa sana inavunja hidrokaboni na kuacha C2, ambayo inang'aa karibu na 473 na 516 nm. Kichujio kipana kinavikusanya vyote. Tumia chembamba kinachokaa kati yake, na uhame mstari kama kawaida: CO itaondoka, C2 itabaki.

Atomu ya haidrojeni, kwa 205 nm na kupokewa kwenye nyekundu ya 656, ina hila kubwa zaidi. Fotoni za 205 zinavunja mvuke wa maji ulio moto na vipande vya CH3, na kutoa haidrojeni mpya ndani ya mpigo uleule. Kuhama mstari hakusaidii, kwa sababu haidrojeni hiyo ni ya kweli, ila imezaliwa na leza. Itaondoka pamoja na ile ya moto.

Kinachoifichua ni hesabu ya nguvu. Fotoni mbili zikitumika peke yake, ukiongeza nishati mara mbili ishara inaongezeka mara nne. Fotoni ya tatu ikitumika kuvunja molekuli, inaelekea mara nane. Pima kwa nishati tano au sita, chora kwa mizani ya logi, usome mteremko. Ukisoma 2, endelea. Ukisoma 2.6, punguza leza au tanua mwale hadi urudi 2, na ukubali kwamba ishara itakuwa hafifu na utahitaji mipigo mingi zaidi kwa kila nukta.